Milimita moja tu: Kwa nini wanaopakia risasi wenyewe hawaachi kalipa mezani

Fikiria duara lenye upana wa sentimita 12.7. Linakaribia upana wa kisosi cha kikombe cha chai.

Sasa lisogeze hadi umbali wa mita 914, yaani yadi 1,000. Ukilala chini na bunduki, hata kwa darubini duara hilo ni kinukta tu. Ndilo duara la ndani kabisa kwenye shabaha ya mchezo unaoitwa F-Class, unaopendwa sana Marekani, Canada na Uingereza. Herufi F imetokana na jina la George Farquharson, mlenga shabaha wa Canada aliyeuanzisha.

Wanaocheza mchezo huu kwa dhati hawanunui risasi za dukani. Wanazipakia wenyewe nyumbani, moja baada ya nyingine, na kitu wanachokipima kwa uangalifu unaoweza kukuchosha kuutazama ni kina ambacho kichwa cha risasi kimeingia ndani ya ganda lake.

Wanakipima kwa sehemu za elfu za inchi. Sehemu moja ya elfu ya inchi ni milimita 0.025, kipimo kilicho chini ya unene wa unywele wa binadamu.

Ni wazimu au kuna sababu? Sababu zipo, na moja haihusu kushinda kikombe. Inahusu uso wa mtu aliyeegemea kitako cha bunduki.

Kwanza tuelewane: risasi ni nini?

Kiswahili kinatuchanganya kidogo hapa. Neno “risasi” ni madini yale mazito, ni kile kinachoruka na kugonga shabaha, na pia ni kitu kizima kinachowekwa kwenye bunduki. Tutenganishe.

Risasi nzima ina sehemu nne. Kuna ganda, mara nyingi la shaba iliyochanganywa na zinki. Kitakoni mwa ganda kuna fataki, kidonge kidogo kinachowaka kikigongwa. Ndani kuna baruti. Na mbele, kwenye shingo ya ganda, kimebanwa kichwa. Hicho kichwa ndicho kinachosafiri, vingine vyote vinabaki nyuma.

Anayepakia kwa mkono hulisafisha ganda lililotumika, hulirudisha kwenye umbo lake, huweka fataki mpya, hupima baruti kwa mizani kufuata kitabu cha mtengenezaji, kisha husukuma kichwa kwenye shingo kwa presi ya mkono. Marekani mtu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kufanya hivi kwa matumizi yake binafsi bila leseni ya utengenezaji. Akitaka kuziuza, hapo anahitaji leseni.

Tanzania na Kenya mambo ni tofauti. Bunduki na risasi zake viko chini ya leseni na usimamizi mkali, kwa hiyo usisome hapa ukadhani ni kazi ya kujaribu jikoni wikiendi.

Ndani ya mtutu kuna nini?

Iko hivi. Mtutu wa raifo si bomba laini. Ndani umechongwa mifereji inayozunguka kama kamba iliyosokotwa, na kati ya mfereji na mfereji kuna tuta. Matuta hayo yanakishika kichwa, yanakizungusha, na mzunguko huo ndio unaokifanya kiende sawa hewani bila kuyumba, kama pia inavyosimama ikizungushwa.

Ila matuta hayaanzi palepale risasi inapokaa. Risasi inakaa kwenye chemba, na mbele ya chemba kuna kipande kifupi kisicho na matuta. Wenyewe wanakiita koo la mtutu.

Bunduki ikifyatuliwa, kichwa kinatoka kwenye shingo ya ganda, kinapita kooni, kisha kinaingia kwenye matuta. Hiyo safari fupi ndiyo wapakiaji wanaiita “mruko”. Kichwa kikiwa kimesukumwa ndani zaidi ya ganda, mruko unakuwa mrefu. Kikiachwa nje zaidi, mruko unapungua, hadi inafika mahali kichwa kinagusa matuta hata kabla ya kufyatua.

Kwa hiyo swali zima la kina cha kichwa ni hili: unataka kiruke umbali gani?

Hapa ndipo hatari ilipo

Wengi wanaoanza wanadhani kina cha kichwa ni suala la shabaha tu. Siyo. Ni suala la shinikizo.

Baruti haifanyi kazi kama kengele inayolia mara moja ikanyamaza. Inaungua haraka sana, na kadiri shinikizo linavyopanda ndivyo inavyozidi kuungua kwa kasi. Taasisi ya watengenezaji silaha na risasi ya Marekani, SAAMI, iliyoanzishwa mwaka 1926, imeweka kikomo cha shinikizo kwa kila aina ya risasi. Kwa .308 Winchester, moja ya risasi maarufu zaidi duniani kwa uwindaji na shabaha, kikomo ni pauni 62,000 kwa inchi moja ya mraba. Tairi la gari dogo lina pauni 30 na kitu hivi.

Kichwa kikiwa kimegusa matuta tangu mwanzo, hakina nafasi ya kuanza kusogea kirahisi. Kinapaswa kusukumwa kwa nguvu kuingia kwenye matuta kutoka hali ya kusimama, na wakati huohuo baruti inaendelea kuungua nyuma yake. Shinikizo linapanda mapema. Mtu aliyekuwa na kipimo cha baruti kilicho karibu na kikomo, akasogeza kichwa mbele hadi kikagusa bila kupunguza baruti, anaweza kuvuka kikomo bila kuongeza hata chembe moja ya baruti.

Upande wa pili nao una mtego wake. Ukisukuma kichwa ndani sana, unakula nafasi ya baruti.

Hesabu yake ni rahisi. Kichwa cha .308 kina kipenyo cha milimita 7.82. Kikiingia milimita moja zaidi, kinachukua nafasi ya takriban mililita 0.048. Ganda lote lina ujazo wa kama mililita 3.6, kwa hiyo umepoteza asilimia moja na kidogo. Si kubwa. Na kwa kuwa mruko umeongezeka, kwenye raifo mambo haya mawili mara nyingi yanavutana.

Sasa chukua bastola ya milimita 9. Ganda lake zima lina ujazo wa mililita 0.86 tu. Kichwa kikizama milimita moja, kimekula zaidi ya asilimia 7 ya ujazo wote, na ukihesabu nafasi iliyobaki chini ya kichwa, sehemu iliyoliwa ni kubwa zaidi. Ndiyo maana wapakiaji wa bastola huogopa sana kichwa kilichozama bila kukusudiwa, huku wenzao wa raifo wakiogopa zaidi kichwa kinachogusa matuta.

Milimita ileile moja, kumbe hofu mbili tofauti.

Kipimo cha kwanza, na kwa nini kinadanganya

Njia ya kawaida ni kupima urefu wa risasi nzima, kutoka kitakoni hadi kwenye ncha. Kifaa ni kalipa, kilekile ambacho mafundi wachonga vyuma wanacho kwenye karakana zao. Za kisasa zina kioo cha namba. Za zamani zinatumia mstari mdogo unaoteleza, ubunifu wa Mfaransa Pierre Vernier aliouchapisha mwaka 1631, na hadi leo wanafunzi wa fizikia wanalikariri jina lake.

Vitabu vya upakiaji vinatoa urefu huu. Kikomo cha SAAMI kwa .308 ni milimita 71.37, kwa .223 Remington ni 57.40, na kwa .30-06 ni 84.84. Namba hizi zina kazi muhimu: zinahakikisha risasi inaingia kwenye magazini na kwenye chemba za bunduki za kiwanda.

Lakini hazikwambii kichwa kiko umbali gani kutoka kwenye matuta ya bunduki yako.

Kwanza, koo la kila bunduki lina urefu wake. Weatherby, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1945, ilijulikana kwa kutengeneza raifo zenye koo refu kwa makusudi. Risasi yenye urefu uleule inaweza kuwa karibu na matuta kwenye bunduki moja na mbali kabisa kwenye nyingine.

Pili, ncha yenyewe haiaminiki. Toa vichwa kumi kwenye boksi moja, vya kiwanda kimoja, vipime urefu. Havitalingana. Vyenye ncha ya plastiki vinatofautiana kidogo, na vyenye tundu nchani ndiyo usiseme, kwa sababu mdomo wa tundu unabaki na kingo zisizo sawa kutoka mashineni.

Na ncha haigusi matuta. Haijawahi kugusa. Inapita katikati ya mtutu ikiwa hewani kila upande. Kwa hiyo ukipima hadi nchani unapima kitu ambacho bunduki hata haikijali.

Sehemu inayogusa

Kinachogusa matuta ni sehemu ya ubavu, pale kichwa kinapoacha kuwa mviringo ulionyooka kama bomba na kuanza kuchongoka. Mkunjo huo unaitwa ojaivu.

Ili kupima hadi hapo, wapakiaji wanatumia kidude kinachoitwa komparata. Ni kipande cha chuma chenye tundu la ukubwa unaokaribia upana wa ndani wa mtutu kati ya tuta na tuta. Kinafungwa kwenye taya moja ya kalipa. Risasi inaingizwa kwa ncha, ncha inapotelea ndani ya tundu, na tundu linasimama kwenye ojaivu. Namba inayosomeka ni urefu kutoka kitako cha ganda hadi ojaivu.

Ghafla vichwa vilevile kumi vilivyokuwa vinatofautiana vinaanza kukubaliana.

Ila kuna jambo ambalo watu wengi wanalikosea, na linazua ubishi usiokwisha: namba ya komparata ni ya komparata hiyo. Tundu la kifaa chako likiwa pana kidogo kuliko la mwenzako, litakaa nyuma zaidi kwenye mkunjo na kutoa namba nyingine kwa risasi ileile. Kwa hiyo mtu akikwambia “mimi napakia kwa 2.210”, namba hiyo haikusaidii chochote. Unachoweza kulinganisha naye ni umbali kutoka kwenye matuta, na hata huo ni kama nyote mmepima vizuri.

Unajuaje matuta yako yako wapi?

Hakuna anayeweza kuchungulia ndani akapima kwa macho. Kwa hiyo watu wamebuni njia.

Ya kizamani inahitaji ufito wa kusafishia mtutu na kalamu. Bunduki ikiwa tupu na bolti imefungwa, ufito wenye ncha bapa unaingizwa kutoka mdomoni mwa mtutu hadi uguse uso wa bolti, na unawekwa alama mahali unapotokea. Kisha bolti inatolewa, kichwa kitupu kinasukumwa taratibu kutoka nyuma hadi kikae kwenye matuta, kinashikiliwa kwa penseli, na ufito unarudishwa hadi uguse ncha yake. Alama ya pili inawekwa. Umbali kati ya alama mbili ndio urefu wa risasi inayogusa matuta. Haigharimu kitu, ila unene wa alama ya kalamu peke yake unaweza kukuharibia hesabu.

Nyingine ni kuchana shingo ya ganda tupu kwa msumeno mwembamba ili ishike kichwa kwa ulaini. Kichwa kinawekwa kikiwa nje sana, bolti inafungwa, matuta yanakisukuma ndani hadi mahali pake, kisha vinatolewa kwa uangalifu na kupimwa. Tatizo ni pale kichwa kinapong'ang'ania kwenye matuta na kuvutika nje kidogo wakati wa kutoa. Unapata namba ndefu kuliko ukweli, na ukiiamini umejisogeza karibu na matuta bila kujua.

Ya tatu ndiyo imeenea zaidi leo. Kampuni ya Hornady ya Grand Island, Nebraska, inauza kipimo chenye ganda lililotobolewa kitakoni na kukatwa nyuzi za skrubu. Ganda linafungwa kwenye mrija, linaingizwa chembani, na kijiti kinasukuma kichwa mbele hadi kiguse. Unakaza, unavuta, unapima.

Hapa mkono ndio unaoamua. Ukisukuma kwa nguvu, kichwa kinajikita ndani ya matuta badala ya kugusa tu. Wazoefu wanarudia mara tano au zaidi, kwa vichwa tofauti, na wakiona namba moja imejitenga wanaitupa. Pia wanajua kwamba ganda la kiwandani linaweza kuwa fupi kidogo begani kuliko maganda yao yaliyokwisha kufyatuliwa kwenye bunduki ileile, na tofauti hiyo inaingia kwenye namba. Ndiyo maana wengine humpelekea fundi ganda lao wenyewe alitoboe.

Baada ya hapo ni kutoa tu. Tuseme namba ya kugusa ni inchi 2.230, sawa na milimita 56.64. Mpakiaji anataka mruko wa elfu 20 za inchi. Anarekebisha presi yake hadi risasi isome 2.210, yaani milimita 56.13. Nusu milimita ya hewa.

Sawa, lakini iruke kiasi gani?

Hapa wataalamu hawakubaliani kwa nini inasaidia, ila wanakubaliana kwamba kila aina ya kichwa ina tabia yake.

Vichwa vyenye mkunjo mpole vinavumilia. Vile virefu vilivyochongoka ghafla kwa ajili ya kukata upepo vinachagua sana. Berger, watengenezaji wa vichwa vya shabaha, huwashauri wateja wao wasianze kwa kusogeza kidogokidogo bali wajaribu hatua kubwa za kama elfu 40 za inchi, takriban milimita moja, wakianzia karibu na matuta kwenda mbali, ili waone eneo linalopiga vizuri kabla ya kuanza kuchonga mambo madogo. Barnes, wanaotengeneza vichwa vya shaba tupu bila madini ya risasi, wanashauri kuanzia mruko wa elfu 50.

Kuna wanaopenda kichwa kiguse kabisa. Kinaweza kupiga vizuri sana, lakini kina balaa lake. Mashindano yakisimamishwa ghafla, kila mtu anatakiwa kutoa risasi chembani. Unavuta bolti, ganda linatoka, kichwa kinabaki kimeng'ang'ania kwenye matuta, na baruti inamwagika ndani ya bunduki. Mchezo umekwisha kwako siku hiyo. Kwa mwindaji porini ni mbaya zaidi, maana bunduki yake haiwezi tena kupokea risasi nyingine.

Nyati hasubiri

Simulizi moja ya kina cha kichwa inagusa Afrika moja kwa moja. Mwaka 1956 Winchester ilitoa .458 Winchester Magnum kwa ajili ya wanyama wakubwa. Walitaka iingie kwenye raifo ya kawaida, kwa hiyo risasi nzima ilibanwa kwenye urefu wa milimita 84.84, uleule wa .30-06.

Shida ni kwamba kichwa chake ni kizito, gramu 32, na kirefu. Kikiingia kwenye ganda fupi kinakula nafasi, na baruti ililazimika kushindiliwa. Wawindaji wakaanza kulalamika kwamba baadhi ya risasi hazina nguvu. Baruti iliyoshindiliwa ilikuwa inagandana. Mwaka 1959 Mmarekani Jack Lott alijeruhiwa na nyati nchini Msumbiji, na baadaye, mwaka 1971, akaja na risasi yake, .458 Lott, yenye ganda refu zaidi la milimita 71. Kichwa kilekile, ila kikiwa na nafasi ya kupumua.

Risasi hizi kubwa zina mtihani mwingine. Bunduki inapiga teke zito, na risasi zilizobaki kwenye magazini zinajigonga mbele kila mara. Kichwa kisiposhikwa imara kinaweza kuzama taratibu ndani ya ganda. Ulipakia kwa kina kimoja, ukaja kufyatua kwa kina kingine. Ndiyo maana vichwa vya kazi hii vina mfereji mdogo ubavuni, na mdomo wa ganda unakunjwa ndani yake. Jaribio ni jepesi: pima risasi ya mwisho kwenye magazini, fyatua zilizo juu yake, itoe, ipime tena.

Namba inayotembea

Hata ukipima kwa usahihi wote, matuta hayakai mahali pamoja. Gesi ya moto inayala kooni kila ufyatuapo, na yanarudi nyuma kuelekea mdomo wa mtutu. Mruko uliokuwa elfu 20 unaongezeka wenyewe bila mtu kugusa presi.

Kwa hiyo ukifungua boksi la mpakiaji makini utakuta karatasi: aina ya kichwa, namba ya boksi kilikotoka, komparata iliyotumika, urefu hadi ojaivu, tarehe, na idadi ya risasi ambazo mtutu ulikuwa umeshafyatua siku hiyo. Baada ya mia kadhaa nyingine anarudia kupima matuta. Akikuta yamesogea, wengine huyafuata kwa kusogeza kichwa mbele, na wengine huacha kilivyo hadi shabaha ianze kutawanyika. Kila kambi ina washindi wake.